Rakia ya Slava Si Pombe

3 Novemba

Olivera, mkuu wetu, ametuambia kila mpishi aandike siku yake, hata mstari mmoja, ili wanaotuchangia wajue tunafanya nini. Nimemwambia mimi shule sikuikanyaga, wenzangu walipokuwa darasani mimi nilikuwa nachunga bata bukini wa watu. Herufi nilizipata uzeeni, mjukuu wangu alipoanza darasa la kwanza tukawa tunajifunza pamoja mezani, yeye akinicheka: "Bibi, hiyo b yako tumbo limekaa mgongoni." Olivera akasema, "Basi andika hivyo hivyo, na matumbo mgongoni."

Haya. Mimi ni Stamena. Chama chetu kinaitwa Sufuria. Tunapika katika ukumbi wa zamani wa wazima moto, nyuma ya soko la samaki. Wanaokula ni wasio na nyumba, na wale wenye nyumba lakini hawana cha kupika ndani yake. Leo maharage.

4 Novemba

Kabichi na viazi. Mvua.

6 Novemba

Maharage. Cvetko, mmoja wa foleni yetu, ameficha mkate chini ya koti, upande wa kushoto. Nimempa mwingine autie kulia, asije akatembea kapinda.

9 Novemba

Leo Olivera alimvua Vitomir viatu. Olivera alikuwa muuguzi kabla hajaanzisha chama hiki, na kila Novemba hukagua miguu ya foleni nzima. Wengine huvua wenyewe. Vitomir aligoma kama bibi harusi.

Nimweleze huyu mtu, maana nitamwandika sana. Alikuwa fundi mitambo wa kiwanda cha sukari mpaka kiwanda kikafa. Mkewe aliugua, nyumba ikaenda na dawa, halafu mke naye akaenda. Binti yuko Austria, na simu zake zimekaa huko huko. Vitomir sasa anaishi katika kibanda cha mlinzi kwenye lango la kiwanda kile kile. Anakuja kwenye foleni amenyoa ndevu na kufunga tai. Hanywi. Na tangu siku ya kwanza hatujawahi kusalimiana kama watu.

"Mama," aliniambia siku ile, "haya maharage umeyapika au umeyatisha tu?"

"Yamekuogopa wewe, sura kama kiatu kilichonyeshewa."

Basi tukawa hivyo. Asiponitukana najua anaumwa. Nisipomtukana anauliza nani kanifia.

Leo viatu vilipotoka tukaona msumari. Umepenya soli, umeingia kisiginoni, naye kautembelea sijui tangu lini, hasikii. Ana ugonjwa wa sukari. Yeye mwenyewe anasema kiwanda kilipofungwa sukari yote ilihamia kwake.

Olivera akanivuta pembeni. "Mama Stamena, akilala mle kibandani baridi hii yote, miguu itakufa kabla yake. Lazima tumpatie kitanda bwenini."

Bweni la manispaa lina vitanda vichache kuliko vidole vya Vitomir.

10 Novemba

Maharage.

15 Novemba

Wafadhili wametuma masanduku. Tumeyafungua kwa furaha, tukakuta mafuta ya kujikinga na jua. Nje theluji nyembamba imeanza. Cvetko amejipaka usoni, akakaa chini ya ukuta na kusema yuko ufukweni.

19 Novemba

Olivera alikwenda manispaa kuomba kitanda. Wamesema subiri.

24 Novemba

Koshava. Wasioujua upepo huu wamshukuru Mungu. Unapanda kutoka mto Danubi, hauna haraka, unavuma siku tatu, au saba, na ukipita saba watu wanaanza kugombana na wake zao. Leo umeng'oa bati la paa letu juu ya jiko. Tumepika huku mmoja akishika mwavuli juu ya sufuria.

25 Novemba

Koshava.

26 Novemba

Koshava. Olivera alikwenda tena. Subiri.

1 Desemba

Nilimpelekea Vitomir soksi za sufu, nikaona kibanda kwa macho yangu. Kitanda chake ni benchi. Jiko ni ndoo ya bati yenye matundu. Dirisha ameliziba kwa gazeti na gundi ya unga. Lakini kafagia! Nje ameweka kipande cha zulia, na nilipokanyaga akaning'akia nifute miguu.

"Nifute niingie wapi, ikulu?"

"Ingia kwa watu. Ungekuwa na adabu ungebisha hodi."

"Mlango wenyewe huna, una ubao."

"Basi bisha ubaoni."

Nilitoka, nikabisha. Akasema karibu. Akanipa chai ya majani ya mnanaa kwenye kikombe pekee alichonacho, yeye akasimama. Nilipokuwa naondoka nilimwuliza kwa nini hataki bweni, maana Olivera ameniambia anasitasita.

Akasema, "Kule nitakuwa nambari ya kitanda. Hapa mimi ni mtu wa lango."

"Lango la nini, boga wewe? Ndani hamna kiwanda."

"Lango lipo," akasema.

3 Desemba

Maharage. Baridi imekaza. Mabomba ya ukumbi yameganda, tunachota maji kwa wauza samaki. Supu ina harufu yao.

7 Desemba

Ninalala jikoni kwa mkamwana wangu, Verica. Mwanangu anaendesha lori huko Slovenia, nyumbani anakuja kama sikukuu. Jioni hii nilimwambia Verica kwamba nafikiria kumleta mzee mmoja alale siku chache. Hakugeuka hata kutoka kwenye sinki.

"Mama, ukirudi kutoka huko kwenu unanuka moshi na nguo za watu. Sasa unataka kuniletea na watu wenyewe?"

Moyoni nilisema maneno ambayo herufi zangu haziyatoshi. Mwanamke mkavu huyu. Miaka yote sijamwona akimpa mtu kitu bila kuhesabu kwa macho.

12 Desemba

Kitanda kimepatikana! Olivera aliingia amelowa mpaka kope, akapiga sufuria kwa mwiko. Kitanda cha Vitomir kitakuwa wazi tarehe kumi na tisa, na sharti ni moja: aingie jioni hiyo hiyo kabla hawajafunga, la sivyo kinapewa anayefuata.

Kila mtu alipiga makofi. Vitomir peke yake hakupiga.

"Kumi na tisa," akasema, "ni Mtakatifu Nikola."

Olivera akafumba macho. Alikuwa amesahau.

Nieleze, maana Olivera anasema wafadhili wengine ni Waholanzi. Kwetu Waserbia kila ukoo una mtakatifu wake, na siku yake ndiyo slava. Baba humwachia mwana. Siku hiyo mwenye nyumba huwasha mshumaa, huweka mkate na ngano iliyochemshwa, na hukaa kwake. Slava haina mialiko. Anayekumbuka anakuja. Na mwenye nyumba haketi mpaka mgeni wa mwisho aondoke.

Vitomir akasema, "Babu yangu aliiweka slava akiwa mahandakini vitani. Mimi niikimbie kwa ajili ya godoro?"

Nikamwita kichwa kabichi. Nikamwita gogo, nikamwita nyumbu wa mkaa. Hakutikisika. Ndipo nikasema: asubuhi utaweka slava yako kibandani, mimi nitaoka mkate, padre nitamburuta mwenyewe, na mshumaa ukimalizika jioni tutakupeleka bwenini.

Akafikiri. Akaikaza tai yake.

"Mkate usiwe kama maharage yako," akasema.

Nimefurahi mpaka nimechoka.

18 Desemba

Nimeoka mkate wa slava kwa tanuri la Verica, na njiwa wa unga juu yake. Verica alipita, akatazama, akapita tena. Halafu akafungua kabati lake, akatoa kitambaa cheupe cha meza, kile cha harusi yake ambacho mimi hata kukigusa siruhusiwi. Akakiweka kando ya mkate.

"Kirudi kisafi," akasema.

Olivera amekwenda Belgrade leo kuwaomba watu fedha za paa. Atarudi baada ya siku nne.

20 Desemba

Jana sikuandika. Naandika ya jana.

Padre alikuja kwa baiskeli, kanzu ameifunga kiunoni kwa pini za nguo. Meza ilikuwa ubao mwingine juu ya makreti ya bia, lakini kitambaa cha Verica kiliufunika mpaka chini, nawe usingejua. Picha ya Mtakatifu Nikola ilikuwa imekatwa kwenye kalenda. Mshumaa Vitomir aliusimika kwenye mtungi wa ngano. Padre akaukata mkate, akaumiminia divai, wakauzungusha yeye na Vitomir wakiimba, na sauti ya Vitomir, ambayo mimi naijua kwa kusuta chakula changu tu, ilikuwa nzito na safi. Nilitazama pembeni.

Kisha wakaanza kuja. Hakuna aliyewaita. Foleni nzima ilikuja, mmoja mmoja, kila mtu akafuta miguu kwenye kile kipande cha zulia na kubisha ubaoni. Aliyekuwa na tufaha alileta tufaha. Mwingine kaleta kuni mbili. Cvetko kaleta rakia, kile kinywaji chetu kikali cha matunda, ya matufaha ya njano kwenye chupa ya plastiki, akasema tusimwulize imetoka mti gani. Samaki nilikuwa nimepika mimi, kwa kuwa Nikola huangukia siku za kufunga nyama, na maharage ya kuoka.

"Haya ndiyo umeyapika," Vitomir akaniambia sikioni. Basi. Hilo ndilo neno zuri la pekee nililowahi kupata kwake.

Kila mgeni aliinua glasi: "Heri ya slava, mwenye nyumba!" Mwenye nyumba. Mnajua tangu lini hajaitwa hivyo? Na kila mgeni akiinua, mwenye nyumba naye huinua. Nani atamkatalia mgeni? Alikuwa analowesha midomo tu mwanzoni. Halafu akawa anakunywa kidogo. Alisimama siku nzima kwa miguu ile, anagawa samaki, anasema kuleni, kuleni, mbona hamli. Mmiminaji nilikuwa mimi.

Mshumaa ulikaribia kuisha giza likiingia. Vitomir akauzima kwa divai kama inavyotakiwa, akakunja kitambaa kwa mikunjo yake ile ile, akachukua mfuko wake. Cvetko akambebea. Tukaenda bwenini watatu, koshava usoni, Vitomir anaimba.

Mlangoni kuna mlinzi, kijana mnene mwenye macho ya usingizi. Akatoa kimashine chenye mrija.

"Puliza hapa, mzee."

Ndipo nilipokumbuka. Naapa, mpaka dakika ile halikuwa limenipitia kichwani. Bwenini haingii mtu aliyekunywa. Sote tunalijua, limeandikwa mlangoni, Olivera hulirudia kila Jumatatu mpaka tunamwigiza. Na siku nzima katika watu wote wale hakuna hata mmoja aliyewaza, maana kwetu rakia ya slava si pombe. Ukimwuliza mtu kama alikunywa siku ya slava yake atakuapia kwamba hajagusa, na hatakuwa anadanganya.

Vitomir akapuliza kwa adabu, kama anayepoza supu. Kimashine kikalia.

"Mzee, umekunywa."

"Mimi sinywi," Vitomir akasema. "Waulize."

"Ni slava yake!" nikasema. "Rakia ya slava si pombe, mwanangu, ni sala!"

"Bibi, mimi mwenyewe leo ni slava yangu. Mke wangu ana wageni nyumbani na mimi niko hapa. Lakini kimashine hiki hakijabatizwa."

"Basi puliza wewe badala yake."

"Kuna kamera pale juu. Nikipuliza, kesho nitakuwa kwenye foleni yako."

"Kumwacha mtu kama huyu nje! Mama yako alikuzaa au alikuokota?"

"Nitukane tu, bibi. Haki yako."

Alisema hivyo kwa upole, hapo nikaishiwa nguvu. Nikampigia Olivera. Simu imezimwa, yuko kwenye mkutano. Nikapiga tena, na tena. Nikauliza kesho itakuwaje. Mlinzi akaonyesha kwa kidevu. Karibu na ukuta alikuwa amesimama mwanamke na mfuko wa plastiki, kichwa amekiinamisha, anasubiri tuondoke ili aingie yeye. Nilitaka kumchukia, nikashindwa. Ni wetu. Asubuhi alikuwa ameleta tufaha, akaondoka kabla ya rakia.

Nikampeleka Vitomir kwa Verica. Ngazini nilipanga maneno ya kumwomba, tena ya kumtisha. Verica alifungua mlango, akatazama miguu ya yule mzee, akatazama uso wangu.

"Viatu hapo," akasema. "Nawasha maji."

Hivyo tu. Akatandika godoro chini karibu na kitanda changu. Nimemjua mwanamke huyu miaka kumi na saba, na sijui nilikuwa namjua nani.

Lakini Vitomir alikaa ukingoni mwa kiti, kofia mkononi. "Mama, nakushukuru. Ila mwenye nyumba halali kwa watu siku ya slava yake."

Nilikuwa nimechoka, nina hasira na mlinzi, na kimashine, na mimi mwenyewe. Nikasema, "Mwenye nyumba wa nini, boga wewe? Wa ubao juu ya makreti?"

Maneno kama hayo nimemwambia mara mia. Hili lilitoka na kusimama kati yetu. Verica aligeuka kutoka kwenye sinki, akanitazama.

"Nashuka nivute sigara," Vitomir akasema.

Yeye havuti. Nilikumbuka hilo maji yalipochemka.

Nilishuka ngazi nikikamata ukuta. Nilifika kona ya duka la dawa, koshava ukanipiga chini, nikalala pale kama gunia, simu imeruka sijui wapi. Verica ndiye aliyeniokota, amevaa koti juu ya nguo ya kulalia. Alitaka kwenda kiwandani mwenyewe, lakini watoto walikuwa peke yao, na mimi siwezi kusimama. Tulipiga simu polisi. Wakasema mtu mzima anaruhusiwa kwenda kwake.

Cvetko alikwenda alfajiri. Amemkuta kwenye benchi, viatu amevipanga mlangoni juu ya zulia, miguu mitupu, ndoo ya moto imekufa. Yu hai. Miguu myeupe kama mishumaa, anasema, na alikuwa hasikii kitu, anauliza kama wageni wamefika salama.

Cvetko amembeba mgongoni mpaka barabarani, kwenye gari la hospitali. Cvetko, mwizi wangu wa mikate.

21 Desemba

Maharage.

22 Desemba

Olivera amerudi. Nilimweleza yote na sikujipunguzia. Nilitaka anifokee. Alikaa juu ya gunia la viazi, akasema, "Na mimi ningekuwepo ningeinua glasi." Kisha akalia mikono imelala mapajani, hata hajifuti. Mimi nilidhani mwanamke huyu hana machozi, ana mipango tu.

Fedha za paa hakupata.

25 Desemba

Hospitali. Wananiruhusu kusimama mlangoni. Amelala, usingizi wa dawa.

28 Desemba

Hospitali. Aliamka. "Habari yako, Vitomir," nikasema. "Nzuri, bibi, asante," akasema.

2 Januari

Kabichi.

7 Januari

Krismasi yetu. Foleni ndefu kuliko zote. Kila mtu anauliza habari zake, nami najibu anaendelea vizuri. Cvetko ameniambia, "Bibi, wiki ya pili sasa hujanitukana. Unaumwa?" Nikamwambia ale.

15 Januari

Wameikata miguu ya Vitomir. Wa kushoto chini ya goti, wa kulia kwenye kifundo.

16 Januari

Maharage.

17 Januari

Maharage. Koshava.

30 Januari

Hospitali inataka kitanda chake. Olivera amepiga simu kila mahali. Bweni la manispaa halichukui mtu asiyeweza kupanda ngazi. Verica alisema tumchukue sisi, akapima mlango wa choo kwa utepe wa kushonea, akapima tena kana kwamba mlango ungepanuka. Kiti cha magurudumu hakipiti. Na jengo letu halina lifti, tuko ghorofa ya nne.

11 Februari

Amepata nafasi. Ni nyumba ya wazee karibu na mpaka wa Bulgaria, ng'ambo ya milima. Olivera aliipigania wiki mbili mpaka sauti ikamkauka. Walimchukua kwa gari asubuhi nikiwa kwenye sufuria. Hakuna aliyenipigia simu kwa sababu hakuna aliyejua saa.

12 Februari

Wametupa barua ukumbini: jengo linauzwa. Tuna mpaka kiangazi.

19 Februari

Nilipita kiwandani. Ubao wa kibanda umechukuliwa na mtu, kwa kuni nadhani. Zulia pia. Siwalaumu, kulikuwa na baridi.

26 Februari

Olivera alipiga simu kule. Muuguzi anasema mzee ni mpole sana, hasumbui, anakula anachopewa. Olivera alifurahi. Mimi nilipika siku nzima bila kuonja chumvi.

4 Machi

Nimekwenda. Basi linaondoka kabla ya mapambazuko, mara moja kwa wiki, nalo lina abiria mimi na mwanamke mwenye kuku kwenye kikapu. Verica ameshika zamu yangu ya sufuria. Alinifungia maharage ya kuoka kwenye bakuli, amelifunga kwa kile kitambaa cheupe. Nilimwambia kitachafuka. Akasema kichafuke.

Nyumba ni safi. Hilo niliseme, haki yao. Joto lipo, madirisha yanafunga, na muuguzi ana mikono mizuri. Vitomir alikuwa kwenye kiti cha magurudumu dirishani, blanketi mapajani. Wamemnyoa. Hana tai, amevaa pajama la bluu kama wenzake wote. Alikuwa amekonda shingo.

"Karibu, bibi," akasema. "Umesafiri salama?"

"Salama. Wewe unaendeleaje?"

"Vizuri, nashukuru. Wanatutunza vizuri."

Tukakaa. Nikamweleza habari za foleni kwa sauti ya kanisani. Nikamwambia Verica anamsalimu, paa bado linavuja. Kila neno alilitikia kwa kichwa. Nikamfungulia bakuli, akala vijiko vitatu, akasema tamu, asante. Mzee mmoja kitandani kwake alikuwa anakoroma, na kila akikoroma sote wawili tulimgeukia, tupate kitu cha kutazama.

Nikasema, "Vitomir, lile neno nililosema jikoni."

"Neno gani?"

"Unalijua."

Alikitazama kitambaa. Akakipapasa ukingo kwa kidole.

"Stamena," akasema, na jina langu hajawahi kuliita, "mbona unaongea nami kama maiti?"

Nikakirudisha kijiko kwenye bakuli.

"Huku wote wananiita bwana. Bwana Vitomir meza dawa, bwana Vitomir inua mkono. Usiku nikiamka sijui ni nani wanayemsema." Akanishika mkono wa koti. "Nitukane kidogo."

Nilitafuta. Mimi, ambaye sijawahi kukosa tusi hata kwenye mazishi. Niliangalia sura yake nipate pa kuanzia, nikaangalia lile blanketi mahali linapoishia. Mdomo ulifunguka.

"Boga wewe," nikasema.

Lilitoka dogo, likakatika katikati, likawa kama mtu anayeomba samahani. Alisubiri nimalizie. Alipoona hakuna kingine, alicheka kidogo, kwa kunihurumia.

"Hilo halitoshi, mama. Njoo tena ukiwa na nguvu."

"Nitakuja."

"Na maharage haya si yako. Haya yameiva."

"Ya Verica."

"Nimejua."

Muuguzi akaja kusema dereva anapiga honi. Nilimpiga Vitomir busu kwenye paji la uso, kavu, linanuka sabuni ya watu wengi. Kitambaa nilikiacha, alikuwa bado amekishika.

Ndani ya basi nilikaa nyuma ya dereva nikamwuliza wiki ijayo anaondoka saa ngapi, ili nimpangie Verica zamu. Akaniangalia kwenye kioo. Akasema wiki ijayo ni ya mwisho, kisha njia hii inafutwa, abiria hakuna.

"Mimi ni abiria," nikamwambia.

"Ndiyo, bibi," akasema. "Lakini uko mmoja."